Kete ya Sita kwa Nne

Kaisho, tarehe 12 Novemba 1909

Kwa kaka yangu Shabani bin Saleh, aliyeko Bukoba kwenye ghala la ngozi, ambako nasikia siku hizi ng'ombe wakikuona wanakudhania ndugu yao.

Shikamoo kaka. Salamu nilizokutumia ni nyingi. Zingekuwa mzigo, Bitegeko mpagazi angetaka posho ya watu wawili. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Mimi nimemjibu unakula, maana sijawahi kukuona ukiacha. Mgomba mkubwa wa nyuma ya duka umeangukia choo na tumekula mkungu wake siku nne mfululizo. Senene nao wameshuka. Jumatatu nilijaza debe peke yangu, vijana wote wa Kaisho wako nyuma yangu wanaokota nilioacha. Najua na Bukoba wapo, lakini wa huku wanene, wa kwenu wamechoshwa na upepo wa ziwa.

Utaona nakuandikia kwa herufi za shule, za Kizungu, siyo zile za Kiarabu za chuoni. Hizi za shule hapa nyumbani hakuna azisomaye ila mimi. Mwaka na nusu tu nilikaa shuleni nikatoroka, na bado ndimi msomi mkubwa kuanzia hapa mpaka Mto Kagera. Wewe uliyekaa miaka mitatu ukamaliza, uko wapi? Kwenye ngozi.

Sasa jambo lenyewe. Rudisha kete.

Siku ile ya Idi ulipoondoka ulibeba kete ya sita kwa nne. Dhumna lile ni la babu, kete ishirini na nane za pembe ya ndovu, zimetoka Tabora kwa miguu ya watu. Zimebaki ishirini na saba na hazichezeki. Ijumaa nne sasa tunatoka kusali, mkeka unatandikwa barazani, watu wanakaa, wanatazamana kama waliofiwa. Nikachonga kete ya badala kwa pembe ya ng'ombe. Ni nzuri, mkono wangu unaujua, kasoro yake ni moja: nyeusi. Ukiilaza kifudifudi kipofu naye anajua iko kwa nani. Baba aliigeuza mara moja akaitupa uani. Jogoo akaidonoa akaiacha, naye hakuipenda.

Baba hajalitaja jina lako. Barua yako ya kwanza aliitazama mgongoni, akaiingiza kwenye moto wa kahawa bila kuifungua. Mzee Mauridi amekwisha rudi kwake Ihanda na binti yake Mwaja, na ile posa yako kaivunja, unajua. Jambo lile lilinisikitisha kwa kiasi chake. Lakini watu husahau. Mpe Bitegeko kete, tuanze kusahau tukiwa tunacheza.

Ndimi mdogo wako, bingwa wa dhumna wa Kaisho yote kwa kuwa hakuna anayecheza,
Zubeiri

*

Bukoba, 9 Desemba 1909

Kwa Zubeiri.

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Kazi yangu ni kutandaza ngozi juani asubuhi na kuzikunja jioni, na mwenye ghala hana maneno mengi. Mwambie Mama ninakula na nimepata blanketi.

Kete siitumi.

Umeandika "jambo lile", kama unasimulia mvua ya mwaka juzi. Basi nitaliandika mimi, nawe ulikuwapo, uniambie pale nitakapokosea.

Tulikuwa wanne kwenye mkeka, Baba, Mzee Mauridi, wewe, kisha mimi, kila mtu anajichezea. Wageni na watoto wa Mauridi wametuzunguka. Sheria ya nyumba yetu unaijua. Mtu asiye na kete ya kulaza husema "sina", na hapo Baba hataki kiapo, neno hilo kwake ni ushahidi, sawasawa na ule anaoutoa yeye wafanyabiashara wanapomwita awaamulie. Wewe ulilaza kete yenye nne. Zamu ikaja kwangu, nikasema sina. Nilibakiwa na kete moja tu, tupu kwa moja. Baba akaifunga ile nne yako kwa kete ya nne kwa tatu. Mzee Mauridi akawa anafikiri. Mama akatokea mlangoni na sinia la amwani, nami nikaona si heshima asimame na buni za kutafuna za wageni huku mkwe anatazama. Nikalaza kete yangu kifudifudi nikaenda kulipokea.

Nimerudi, nimekaa, Mzee Mauridi akalaza ya mwisho. Mchezo umekwisha. Akainua kete yangu ahesabu. Sita kwa nne. Mtu ambaye punde tu alisema hana nne.

Baba aliniuliza mbele ya wote, "Shabani, si ulisema huna?" Nikamjibu kuwa hiyo kete si yangu. Wakacheka watoto. Mzee Mauridi hakucheka. Alisema polepole, na amwani bado iko shavuni, "Anayesema sina naye anayo, mimi binti yangu nampaje?"

Nikakutazama wewe. Mbele yako palikuwa na kete mbili zimefunuliwa, na moja ilikuwa tupu kwa moja. Sikukunyooshea kidole kwa kuwa nilingoja useme mwenyewe. Wewe ukawa unatazama kuku.

Nina swali moja. Tupu kwa moja uliitoa wapi?

Shabani bin Saleh

*

Kaisho, 20 Januari 1910

Kaka Shabani, au niseme Kadhi wa Bukoba, maana ngozi zimekupa akili ya mahakama.

Shikamoo tena. Sisi wazima wote ila Mama anaumwa goti la kushoto, la kulia linaumwa kwa kulisaidia. Idi ya kuchinja imepita, tulichinja beberu mmoja mkaidi, alinikokota mimi mpaka kwenye maharage ya jirani, lakini nilimshinda, uliza mtu yeyote asiyekuwapo. Mama alikutengea nyama ya ubavu kwenye chungu kidogo. Nikamwambia Bukoba ni mwendo wa siku nane. Akasema anajua. Ikakaa siku mbili akampa paka.

Mimi sasa ni mtu mkubwa. Baba ananituma Mabira na wapagazi sita, nabeba chumvi na vitambaa, narudi na kahawa. Nimenunua viatu vya ngozi. Vinanibana lakini vinalia vizuri ninapotembea, watu wanageuka.

Umeniuliza habari ya kete. Kaka, kete zinatoka kwenye rundo kama watoto wanavyotoka tumboni, nani aulizwe kwa nini huyu kaja kwetu? Siku ile jua lilikuwa kali na watu wengi. Nitakumbuka vipi kila mfupa uliopita mkononi?

Tena wewe una kumbukumbu ya upande mmoja. Umeandika sinia, umeandika amwani, umeandika mpaka kuku. Hukuandika ngata. Idi ile nilikuwa nimeshavikwa ngata mara kumi na tatu. Kumi na tatu, kaka. Mshinde wa siku, yule aliyebakiwa na alama nyingi kuliko wote, anatiwa kichwani kata ya majani ya mgomba, ile wanayotuliza nayo mitungi wanawake, na anakaa nayo mpaka alasiri akiwahudumia watu, na kila anayepita anamuuliza ameteka maji ya wapi. Wana wa Mauridi walikuja toka Ihanda kwa ajili hiyo tu, wamwone Zubeiri na ngata yake. Na nani alikuwa akicheka kuliko wote, akinifungia mwenyewe hayo majani ili yasilegee? Ulikuwa unayafunga kwa mafundo mawili.

Basi tuyaache hayo. Tuma kete.

Zubeiri wa Mabira na viatu vyake

*

Bukoba, 14 Februari 1910

Kwa Zubeiri.

Mama akandwe goti kwa maji ya moto yenye chumvi.

Nimesoma habari ya ngata. Miezi minne nilikuwa najiuliza nimekukosea nini kikubwa kiasi hicho. Sasa nimejua. Mafundo mawili nilifunga, kweli, na nilicheka. Kwa hilo nisamehe.

Sikiliza sasa. Mke wa Bitegeko ni mtu wa Ihanda, ameleta neno la Mwaja. Mwaja amemwambia baba yake kuwa mimi si mwongo. Baba yake amemjibu kuwa amempa nafasi mpaka Maulidi. Jambo likidhihirika kabla ya hapo, posa yangu itarudi. Lisipodhihirika, atamwoza atakapoona panafaa. Maulidi ni mwisho wa mwezi ujao.

Mwambie Baba. Sihitaji unisifu, wala usijitukane. Useme tu kwamba kete ilikuwa yako.

Shabani

*

Kaisho, 8 Machi 1910

Kaka.

Shikamoo. Wote wazima. Goti limepata nafuu kwa chumvi.

Haya. Ilikuwa yangu.

Ngoja nikuambie ilivyokuwa, maana umeeleza vizuri lakini hukuwa ndani ya kichwa changu, na humo ndimo mchezo ulipokuwa. Ile nne niliilaza makusudi. Nilikuwa na sita kwa nne mkononi, nikajitengenezea mahali pa kuitua zamu ijayo. Nilipanga vizuri, hata wewe ungenipongeza. Baba akaifunga. Nikabaki na mizigo miwili, sita kwa nne na tatu kwa mbili, alama kumi na tano, na Mzee Mauridi ana kete moja na anatafuna polepole kama mtu aliyekwisha shinda. Nikaiona ngata. Iko palepale kando ya mkeka, mbichi, na mtoto mmoja wa Mauridi amekwisha ishika.

Ukainuka kwenda kwa Mama. Kete yako iko kifudifudi karibu na goti langu. Wote wanamtazama Mzee Mauridi. Nikabadilisha. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Nilitaka uivae wewe, mara moja tu. Alama kumi ungekuwa nazo, Baba ana nane, mimi sita. Ungevaa ngata mbele ya wakwe, tungecheka, jioni ningekuambia, ungenipiga kofi, yamekwisha. Kaka, nilisahau kuwa umetoka kusema sina. Nilikuwa nahesabu alama tu. Nilikumbuka Mzee Mauridi alipoifunua. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme kwanza, halafu kila mtu akawa amekwisha sema.

Tatizo la kumwambia Baba ni hili. Siku uliyoondoka alisema mbele ya watu, "Nimebakiwa na mwana mmoja." Nikimwambia, atabakiwa na wangapi? Halafu ana furaha na mimi siku hizi. Hajawahi kuwa na furaha na mimi, wewe hujui ilivyo, wewe ulizaliwa nayo. Juzi alinimiminia kahawa kwa mkono wake.

Nitamwambia. Nakwenda Mabira wiki hii, nikirudi nitamwambia, itakuwa kabla ya Maulidi kwa siku mbili tatu. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Zubeiri

*

Bukoba, 16 Machi 1910

Zubeiri.

Bitegeko kafika saa hii, namrudisha saa hii, hata miguu hajanawa.

Umeniandikia kweli. Nimeisoma mara tatu. Lakini umeniandikia mimi, nami nilikuwa najua.

Nilitaka niitume barua yako kwa Baba kama ilivyo. Kisha nikafikiri. Yangu haifungui. Na hata akiifungua, herufi za shule hazijui, atakuita wewe umsomee.

Basi fanya hivi. Andika maneno yaleyale kwa herufi za chuoni, nusu ukurasa unatosha. Karatasi hiyo uiweke ndani ya msahafu wake, pale penye uzi anapoishia kusoma. Si lazima usimame mbele yake. Nenda Mabira, nenda popote, arudi kutoka msikitini aikute. Akikasirika atakasirikia karatasi siku nzima kabla hajakuona.

Maulidi ni siku nane kutoka leo. Bitegeko amesema akikaza atafika siku ya saba.

Nakuomba.

Kaka yako

*

Kaisho, 29 Mei 1910

Kwa kaka mpendwa Shabani, salamu zisizo na idadi, na udhuru wa kukawia nao hauna idadi.

Shikamoo. Mambo yalikuwa mengi. Mmeiona nyota yenye mkia huko Bukoba? Sisi tumeiona alfajiri tukienda kusali, imelala juu ya vilima vya ng'ambo kama ufagio. Wazee wa hapa wamesema mfalme atakufa, wenye ng'ombe wakasema ng'ombe ndio watakufa, Mama akasema bora ianguke ituwashie kuni, zimelowa zote. Mvua zimepitiliza. Njia ya Mabira ilikatika, nikavuka kwenye matope mpaka kiunoni, mzigo wa chumvi kichwani mwangu mwenyewe baada ya mpagazi kuogopa. Viatu vimebaki humohumo. Vikifukuliwa siku moja watasema alipita mtu mkubwa.

Kahawa mwaka huu imezaa vizuri. Duka limepigwa chokaa. Baba ameshonesha kanzu mpya na mimi amenivika kanzu na joho, nikitembea napendeza mpaka najionea wivu. Palikuwa na harusi hapa, Mama alipika siku tatu, wali wa nazi, nazi zimetoka pwani ziko ngumu kama mawe lakini zilikunika. Ngoma za Wanyambo zilikuja zenyewe bila kuitwa. Watu wengi sana. Ungekuwapo ungekula.

Ile karatasi niliiandika. Wallahi niliiandika. Ila mkono wangu wa chuoni umekuwa mbaya, herufi zinaegemeana kama walevi, nikaona aibu Baba asome kitu cha namna ile. Nikasema nitaiandika upya kwa usafi. Halafu ndiyo hiyo mvua. Halafu Maulidi ikawa imepita na nikaona, sasa haina haraka.

Usinikasirikie. Ukiwa na nafasi nitumie mafuta ya nywele ya pale Bukoba, yale ya chupa ya bluu, si kwa ajili yangu.

Zubeiri

*

Mwanza, 30 Julai 1910

Kwa Zubeiri bin Saleh.

Nimehama. Nimevuka ziwa, niko Mwanza, napakia meli.

Barua yako ya mwezi wa tano Bitegeko alinikabidhi siku mbili kabla ya kuondoka. Nikamwuliza harusi iliyofanyika ilikuwa ya nani. Bitegeko unamjua, huyo hanyamazi hata akiwa na mzigo. Alitazama vidole vya miguu yake. Akasema, "Mwana wa Saleh, mimi nabeba tu." Nikamwambia aseme. Akasema.

Hukuandika jina la bibi harusi. Hukuandika la bwana. Umeandika nazi.

Mafuta ya nywele nimeyanunua, yanavuka ziwa na barua hii, Bitegeko atakupa. Chupa ya bluu. Nilikuwa nimelipa kabla hajanijibu.

Na kete hii hapa, imo kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeishika nikidhani siku moja itanisemea. Chezeni.

Shabani

*

Kaisho, 10 Oktoba 1910

Kaka yangu Shabani, fungua barua hii ukiwa umekaa, maana safari hii nina habari njema na nimeileta mimi.

Shikamoo. Idi imefika na kuondoka. Mama mzima, amekuwa na nguvu tangu wiki iliyopita, utajua kwa nini.

Habari ya Mwaja kwanza, niitoe njiani. Ulitaka niandike, basi naandika. Mzee Mauridi na Baba walitaka nyumba zao ziungane, na aliyekuwapo ni mimi. Sikuulizwa sana. Nilisema ndiyo, hilo ni kweli. Ananizidi miaka miwili na anajua kunitazama. Ananipikia, ananikunjia nguo, ananijibu nikimwuliza. Juma la kwanza aliniuliza, "Siku ile ulibakiwa na kete gani?" Nikafanya mzaha, nikamwambia mwanaume haulizwi kete zake. Hajauliza tena jambo lolote tangu hapo. Mafuta yako ameyaweka juu ya kabati, hajafungua. Sikumwambia yametoka kwa nani. Nadhani anajua.

Sasa habari yenyewe. Alhamisi kabla ya Idi nilimpa Baba kete. Akaishika kiganjani muda mrefu. Akaniuliza, "Nani kaileta?" Nikamjibu, "Shabani kaituma." Akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akaiosha, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akairudisha kwenye sanduku la babu.

Idi Mosi watu wakajaa, Mzee Mauridi akaja na wanawe, mkeka ukatandikwa. Mwaka mzima, kaka. Baba akamwaga kete, akazihesabu, ishirini na nane. Kabla hajazichanganya akanyanyua sita kwa nne ili wote waione, akasema, "Hii imerudi. Anayerudisha amekiri. Mwanangu amekiri kosa lake na mimi nimemsamehe, mbele yenu." Na Mzee Mauridi akasema, "Mtu akikiri ni mtu." Wote wakasema kweli, kweli. Mama alilia jikoni mpaka wali ukashika chini. Amesema jina lako kwa sauti, mara ya kwanza ndani ya nyumba hii toka ile Idi.

Mimi nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mwaja alikuwa amesimama mlangoni na sinia la amwani, mahali palepale aliposimama Mama, ananitazama, hatazami mtu mwingine. Nami sina kitu mkononi, kete hazijagawiwa, hapakuwa na ngata, hapakuwa na la kuhesabu. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Akaweka sinia chini, akaingia ndani. Tukacheza. Nikashinda mara mbili.

Sasa sikiliza. Baba anauliza kama una neno la kumwambia. Safari hii barua yako ataifungua, amesema itasomwa barazani siku ya Ijumaa, mbele ya watu walewale. Ukiandika kwa herufi za chuoni ataisoma mwenyewe, mimi hata sitaigusa. Andika unachotaka. Sikupangii. Ukiwa na ile barua yangu ya mwezi wa tatu, basi iko kwako, siwezi kuja Mwanza kuichukua.

Nilisahau kukuambia, Mwaja ni mjamzito, mwezi wa tatu huu. Mama anasema atakuwa wa kiume kwa vile anavyotema mate. Nakuarifu tu kama mjomba, la, kama baba mkubwa.

Njoo nyumbani kaka. Kila kitu kimekwisha tengenezwa. Mkeka una nafasi yako.

Mdogo wako Zubeiri

*

Mwanza, 12 Novemba 1910

Kwa Zubeiri.

Marahaba. Mimi mzima. Hapa nako senene wameanza, wanauzwa sokoni kwa vikombe.

Nimeisoma habari ya kusamehewa. Niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoniagiza, na nilikaa muda.

Barua yako ya mwezi wa tatu ninayo. Iko ndani ya sanduku langu, imekunjwa mara nne, na mkono wako unajulikana hata na asiyejua kusoma. Kwa hiyo neno la kumwambia Baba ninalo, nawe unajua ninalo.

Ndani ya hii kuna karatasi ya pili, ya Baba, kwa herufi za chuoni. Najua utaifungua kabla yake. Ifungue, usihangaike. Kisha umpe, aisome Ijumaa barazani mwenyewe, na wewe ukae palepale ulipokaa siku ile.

Mwambie Mama goti lisilowe mvua hizi.

Usiniandikie tena.

Shabani bin Saleh

*

Kwa Baba yangu Saleh, na wote waliohudhuria.

Shikamoo Baba. Umeuliza kama nina neno la kusema.

Sina.

Mwanao Shabani